Mwenye Kunishikia Kamba

Ku mashimo yetu ya Kolwezi, kila muchimbaji ako na mutu moja mwenye anamushikiaka kamba akishuka. Ule mutu haumubadilishe. Ukimubadilisha, unasema mbele ya batu bote: huyu anaweza kuniua. Hakuna tusi lenye kupita ile.

Yangu alikuwa anashikaka Kazadi. Tulikomaa naye ku Kasaji, tukafika huku tukinyonga velo moja. Siku udongo ulinifunika, bengine bote balikimbia. Yeye alichimba na mikono mpaka kucha zikatoka. Kama mi Tharcisse napumua leo, ni juu yake.

Sasa musikie bubaya. Bachimbaji ba shimo la jirani balitoboa chini kwa chini mpaka ndani ya yetu, banatuibia madini. Kazadi akashuka na vipande vya mupira wa gari, akaviwasha pale penye balitoboa. Babili kati yabo habakutoka. Mukuna na mudogo wake Kabasele tulibatoa bamekauka. Batu balisema: hewa mbaya, mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu! Mi nilimuona na ile mipira mu mikono.

Ku matanga, Kazadi njo alikuwa anapanga viti, analia kupita mama ya bale bamarehemu. Hasira ilinipanda. Nikamuvuta nyuma ya nyumba.

«Nilitaka tu moshi ibafukuze mule,» alisema, sijamuuliza hata kitu.

«Basi twende kwa mama yao. Nitasimama pembeni yako.»

«Weye uko na kichwa kweli? Batanichoma muzima.»

«Na mi nibebe hii neno namna gani?»

Aliniangalia sana. Kisha akacheka kidogo.

«Kesho tunafungua shimo, Tharcisse. Unashuka, ao haushuke?»

Aka! Sikulala.

Asubuhi batu balijaa kandokando ya shimo. Kalonji, kaka ya Mukuna na Kabasele, alikuja na bandugu yake bote; ile neno ya hewa mbaya habakuiamini. Nikajifunga kamba ku kiuno. Kazadi alikuwa tayari ameshika upande wake. Nikishuka, namupa maisha yangu. Nikikataa, namupa Kalonji maisha ya Kazadi. Nilimutafuta Kazadi macho, akaangalia chini.

«Shuka,» alisema. «Batu banangoja.»

Namuomba Mungu anisamehe, haikuwa haki njo nilikuwa nawaza pale, wala mama ya Mukuna. Niliogopa tu. Nikatoa kamba mu mikono ya Kazadi, nikaipa tata Kalumba, mukubwa wa shimo letu.

Batu bote baliona.

«Juu ya nini?» Kalonji aliuliza. Hakungoja jibu. Aliinama, akaokota jiwe, na bandugu yake bakaanza kumukaribia Kazadi.

Kazadi hakukimbia. Machozi yalikuwa yanamushuka, na mara hii yalikuwa ya kweli.

«Uliwaza ningekuachilia? Mi? Mi mwenye nilikuchimbua?»

«Sijui, Kazadi.»

Na kweli sikujua. Mpaka leo sijui.

Tata Kalumba aliikaza kamba, hakuniangalia. Kalonji alikuwa amefika karibu. Kazadi hakumugeukia hata kidogo, macho yake yalikuwa kwangu tu.

«Shuka basi, ndugu yangu,» alisema polepole. «Shuka, usione.»

Nikashuka.