Siku Shule Ilipofichwa Stoo

Rasimu ya kanuni mpya ya shule ilifika mtaa wa Ansab katikati ya Shaabani, mwaka 2003, ndani ya bahasha ya kaki aliyokuja nayo Wael kutoka kazini. Aliiweka juu ya meza ya chakula, akavua kofia, akamwambia mkewe, "Soma mwenyewe, Kheiria. Mie nimeisoma mara mbili njiani, kwenye taa nyekundu, na mara zote mbili imesema lile lile."

Kheiria alijifuta mikono kwa kanga, akasoma. Kurasa nne za Kiarabu cha ofisini, kile kisichocheka. Kila mtoto wa miaka sita mpaka kumi na tano awe na nafasi katika shule inayotambulika. Mzazi atakaye kumsomesha mwanawe nyumbani awe na kibali, na kibali hakitoki mpaka pawe na chumba maalumu cha kusomeshea na mwalimu mwenye cheti. Wenye maoni wayalete kabla Ramadhani haijaandama.

"Chumba maalumu," alisema. "Sisi tuna jiko."

"Ndiyo maana nimekuletea leo, sikungoja kesho."

Jiko hilo ndilo lililomrudishia Shatha ulimi. Shatha alikuwa binti yao wa pekee, miaka kumi, na alikuwa na kigugumizi. Shuleni, mwaka wa kwanza alikwama. Mwaka wa pili wenzake wakajifunza kumwiga. Mwaka wa tatu akaona bora anyamaze, na alinyamaza kweli, shuleni na nyumbani, miezi saba. Kwa kuwa kusoma kulipimwa kwa sauti, alipewa sifuri ya kusoma, yeye aliyekuwa akisoma mpaka maandishi ya pakiti za sabuni. Kheiria akamtoa. Akaacha kazi yake ya maabara, akanunua ubao, akaugongomea nyuma ya mlango wa jiko, kwa sababu jikoni ndiko walikoshinda.

Kisha siku moja mama mkwe wake, Bi Nasriya, alimpa mtoto sinia ya mchele achambue huku kitabu kiko wazi mbele yake. Vidole vikaanza kutoa mawe na chuya, na mdomo ukaanza kusoma. Ulikwama hapa, ukajikwaa pale, lakini ulisoma kwa sauti. Hakuna daktari aliyewaeleza kwa nini. Mikono ikiwa na kazi, ulimi ulisahau kuogopa. Tangu siku hiyo mchele wa nyumba ile ulichambuliwa mara tatu tatu, na hakuna aliyepata kuuma jiwe.

Sasa rasimu ilikuwa inataka kumrudisha Shatha kule kwenye sifuri.

Mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Shiro, Mkenya wa nyumba ya nyuma. Mumewe, Nahashon, alikuwa fundi wa winchi katika Bandari ya Sultan Qaboos. Shiro mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nyeri kabla ya kumfuata mume, na cheti chake alikuwa nacho kabatini, kimefungwa kwenye nailoni. Ada za shule za Kiingereza zilikuwa juu ya uwezo wao, kwa hiyo watoto wake, Alvin na Joy, walisomea jikoni kwa Kheiria. Shiro alifundisha hesabu. Kheiria alifundisha Kiarabu na sayansi.

"Kwani hawa watu hawana kazi?" Shiro aliuliza. "Mtoto anasoma, shida iko wapi? Tuandamane."

Wael alitabasamu. "Shemeji, hapa mtu haandamani. Hapa mtu anaandika, anangoja, anakumbusha, halafu anangoja tena."

Basi wakaandika. Simu zilipigwa mpaka Seeb na Al Khuwair, zikapatikana familia kumi na moja zilizokuwa zikisomesha nyumbani, kila moja ikidhani iko peke yake. Wakakutana kwa Kheiria Alhamisi, siku ya mapumziko. Marhoon wa Seeb, baba wa watoto wanne, alitaka barua ianze na neno "tunapinga".

"Tukianza na kupinga," Kheiria alisema, "watauliza tunaficha nini. Tuwaambie waje waone. Mwenye kuona haambiwi."

Wote wakakubali. Barua ikaandikwa, ikatiwa saini kumi na moja. Shiro hakutia yake. "Visa yetu iko mkononi mwa kampuni," alisema. "Jina langu liacheni. Lakini kopi nitatoa mimi." Alikwenda dukani kutoa kopi ishirini za barua na rasimu, mashine ikashikwa na wazimu ikatoa mia mbili kabla mwenye duka hajachomoa waya. Kheiria hakuzitupa. Migongo yake ilikuwa myeupe, na watoto walihitaji karatasi za kufanyia hesabu.

Jibu lilikuja kwa simu. Mjumbe mmoja wa kamati ya rasimu hiyo, Bi Masouda, atatembelea nyumba moja, nyumba ya Kheiria, Jumatatu saa nne asubuhi, kwa saa moja. Atakachokiona ndicho atakachokisema mbele ya kamati.

Jumapili, Bi Nasriya aliingia jikoni akashika kiuno.

"Mgeni wa serikali anakuja kesho, na nyie mna chaki ukutani?"

"Mama, anakuja kuona masomo."

"Anakuja nyumbani kwangu. Kwanza ni mgeni, hayo mengine baadaye. Mie sijapata kumpokea mtu na masufuria yako wazi, nnakwambia, na sitaanza uzeeni."

Kheiria alipaswa kusimama imara hapo. Hakusimama. Alikuwa amefunzwa adabu ya wageni tangu anatambaa, na adabu hiyo ilimshika mkono kabla akili haijaamka. Ubao ukang'olewa, yeye mwenyewe ndiye aliyeshika upande wa pili, ukaingizwa stoo nyuma ya magunia. Vitabu vikafuata, na ramani, na mitungi ya Alvin ya kuoteshea maharage. Vumbi la chaki likasuguliwa kwa sabuni. Shiro akaombwa abaki kwake na wanawe, nyumba isije ikaonekana imejaa. Shatha akavishwa nguo ya Idi.

Jumatatu saa nne kamili Bi Masouda aliteremka garini, mwanamke mnene wa makamo, faili kwapani. Alipokewa ukumbini palipotandikwa mazulia. Palikuwa na halwa, sambusa, mkate wa kumimina, na kahawa iliyonukia hiliki.

"Wewe wa nani, mwanangu?" Bi Nasriya alianza, na hapo ile saa moja ya ziara ikawa yake. Bibi yake Bi Masouda alizaliwa Wete. Bi Nasriya alikuwa na shangazi aliyeolewa Wete. Wakapanda ukoo, wakashuka, wakapotea kwenye matawi, wakarudi na mjomba mmoja wa pamoja, marehemu, aliyekuwa mkali. Dakika arubaini zikaliwa pamoja na sambusa. Kila Kheiria alipofungua mdomo, mama mkwe alimjazia mgeni kikombe.

Mwishowe Bi Masouda aligeuka. "Na huyu ndiye mwanafunzi? Jina lako nani, mama?"

Shatha alikuwa ameketi wima, mikono mitupu juu ya magoti.

"Sh..." alisema. "Sh..."

Kheiria aliona vidole vya mwanawe vikitafuta kitu kwenye kitambaa cha nguo, visikipate. Mdomo ukafungwa. Bi Masouda alingoja, akaangalia saa, akaandika kitu. Chetezo kikaletwa, mgeni akafukizwa udi, na baada ya udi hakuna kikao.

Gari halijafika barabarani, Shiro akaingia mbio kwa mlango wa nyuma.

"Haya, niambieni! Amemsikia Shatha akisoma?"

Kheiria alianza kukusanya vikombe.

"Mama Shatha. Ubao uko wapi?"

"Stoo," Kheiria alisema.

Shiro aliangalia ukuta mweupe, akaangalia masahani. "Ngoja nielewe. Mmealika mtu aje aone shule, halafu mkaificha shule?" Alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kisha akamwona Shatha mlangoni na nguo yake ya Idi, akaacha kucheka.

Ripoti ilifika ofisini kwa Wael kwa faksi Jumatano. Ilikuwa fupi. Hapakuonekana chumba cha kusomeshea, ubao, wala kitabu. Mtoto aliulizwa jina, hakujibu. Wenyeji ni watu wakarimu sana. Kamati itakaa Jumatatu ijayo.

"Kakusifu ukarimu," Wael alimwambia mama yake.

"Nimeona," Bi Nasriya alijibu, na jioni ile hakugusa chakula.

Jumamosi, siku ya kwanza ya kazi, Kheiria alikuwa mlangoni kwa Bi Masouda kabla ya mhudumu wa chai. Hakuzunguka.

"Nimekuja kukiri. Shule ilikuwa stoo. Sisi wenyewe tuliificha ili wewe ukae vizuri."

Bi Masouda alifunga faili lililokuwa mbele yake. "Dada yangu, mimi nimeandika nilichokiona."

"Sikulaumu. Nakuomba urudi."

"Ripoti imeshakwenda. Na siwezi kurudi kwenye karamu nyingine. Wenzangu watasema nimelishwa."

"Hakuna karamu. Hutapewa hata maji. Siku usiyoisema, kwa mlango wa jikoni. Ukiona kikombe, geuka uende zako."

Bi Masouda aligongagonga kalamu mezani. "Hata maji? Kwa Bi Nasriya?" Akatikisa kichwa. "Hilo nalo ningependa kuliona."

Alikuja kesho yake, saa tatu asubuhi, akasukuma mlango wa jikoni bila kubisha. Ubao ulikuwa umerudi mahali pake. Alvin alikuwa anapima rafu kwa futikamba huku Shiro akimgombeza, "Usikisie, pima!" Joy alikuwa chini ya meza na maharage yake. Bi Nasriya na Shatha walikuwa wameketi mkekani, sinia ya mchele katikati yao.

Bi Nasriya alimwona mgeni, akaanza kunyanyuka.

"Mama," Kheiria alisema, "nakuomba. Usisimame."

Hapakuwa na jambo gumu zaidi alilopata kumwomba mama mkwe wake. Bi Nasriya alibaki nusu amenyanyuka, mkono mmoja sakafuni, jicho kwenye birika. Akarudi chini polepole. Akamtazama Bi Masouda aliyesimama kama nguzo, mikono mitupu, na hilo likamshinda kabisa. Akavuta sinia ya pili, akaijaza mchele, akaisukuma mbele.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hii ndiyo ya pili, lakini nimebanwa. Keti uchambue."

Bi Masouda aliweka faili chini, akakunja baibui, akaketi mkekani, akaanza kuchambua. Alijua kazi, vidole vyake vilikuwa vya Wete.

"Endelea, Shatha," Kheiria alisema.

Shatha alikuwa na karatasi moja ya hesabu mbele yake. Akaigeuza upande uliopigwa chapa. Ilikuwa rasimu. Akachukua punje yenye ganda, akaitupa pembeni, akasoma kwa Kiarabu, "Ki-kila mtoto..." Jiwe. "Kila mtoto wa miaka sita mpaka ku... ku..."

Bi Masouda aliinua kichwa, neno tayari mdomoni.

"Mwache," Bi Nasriya alisema. "Atafika."

Alifika. Alisoma ukurasa mzima, akakwama mara tisa, Kheiria alizihesabu, na mara zote tisa akatoka mwenyewe. Alipofika mwisho, akauliza kwa Kiswahili bila kumtazama mtu, "Cha... chumba maalumu ni kipi? Sisi hatuna. Hivi ninavyosoma ha-haihesabiwi?"

Hata Alvin aliacha kupima.

"Jina lako nani?" Bi Masouda aliuliza.

Vidole vilikuwa ndani ya mchele. "Sh-Shatha binti Wael."

Bi Masouda alimaliza sinia yake mpaka punje ya mwisho. Akaandika pale pale mkekani, ukurasa na nusu. Akauliza mwalimu mwenye cheti ni nani. Wote wakamtazama Shiro. Shiro alitazama sakafu, akafikiria visa, akafikiria kampuni. Kisha akatoka mbio kwenda kwake, akarudi na nailoni.

"Andika," alisema. "Wanjiru, ndilo jina langu la kwenye cheti. Nimechoka kujificha kwa watu wasionitafuta."

Mgeni aliondoka bila udi na bila kahawa. Bi Nasriya alivumilia mpaka mlango ulipofungwa, kisha akamtuma Joy nje na chupa ya kahawa, aiweke kwenye boneti ya gari na akimbie.

Kanuni ilitoka baada ya Idi. Haikuwa ile waliyoitaka. Kibali kilibaki, na cheti kilibaki, na sasa palikuwa na mtihani kila mwaka, huko huko ofisini. Marhoon alisema wameshindwa. Lakini penye "chumba maalumu" paliandikwa "mahali panapofaa", na cheti kikakubaliwa hata kama ni cha nje, na barua iliyokuja Ansab ilitaja jiko kwa jina lake. Shatha harudi shuleni.

Pamoja na barua ilikuja fomu ya mtihani. Penye mahitaji ya mtahiniwa, mkono wa Bi Masouda ulikuwa umeshaandika: sinia moja ya mchele, kwa mtihani wa kusoma.

Kheiria aliisoma kwa sauti. Aliisoma tena, kwa sababu mara ya kwanza machozi yalimharibia.

Bi Nasriya alinyoosha mkono, akaitaka fomu, akaishika mbali na macho.

"Waambie mchele tutakwenda nao wetu," alisema. "Wa ofisini utakuwa wa pakiti, msafi. Mtoto atachambua nini?"