Rundo Juu ya Kisima

Karatasi ya kupimia maji ya kisima ilitoka kwenye glasi ikiwa na rangi ya waridi iliyokolea, na mama mkwe akapiga makofi.

"Rangi nzuri! Yamefaulu?"

Bwana shamba, mkwewe, hakufurahi: rangi hiyo ilimaanisha maji yamejaa mbolea. Miaka kumi alikuwa akiwafokea wakulima kwa mbolea inayovuja visimani, na kumbe kisima kibaya kuliko vyote ni hiki cha ukweni, ambako kesho mkewe angeleta mtoto wa wiki mbili, wa maziwa ya kopo ya kukorogwa kwa maji. Mtoto mchanga akinywa maji ya namna hii, damu yake hushindwa kubeba hewa. Hilo halina mzaha.

"Mama, haya mtoto asinywe."

"Nitayachemsha."

"Ukichemsha ndiyo unakoleza. Maji yanapungua, mbolea inabaki."

"Mbolea gani, baba? Mimi sijanunua hata kiganja."

Hatua kumi juu ya kisima, kwenye mteremko, lilikaa rundo la samadi, limenona, linatoa harufu ya kuliza macho. Mvua ikinyesha, lilichuruzika ardhini mpaka kisimani. Jua likiwaka, nguvu yake ilipaa hewani. Mahindi yaliambulia makapi. Na aliyelichagulia mahali pale ni bwana shamba mwenyewe, miaka mitatu nyuma, alipokuja kuposa. Alitaka kujionyesha, akasema likikaa juu, toroli litateremka lenyewe hadi shambani. Wazee wakatikisa vichwa kustaajabia elimu. Mganga hajigangi, sawa, lakini huyu alikuwa amewaletea wakwe ugonjwa.

Angeweza kusingizia kwamba karatasi zimeharibika. Alifungua kinywa aseme hivyo, akamkumbuka mtoto, aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Mama, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewaambia mliweke rundo la samadi pale."

"Najua. Hata siku ile nilijua. Nani asiyejua kwamba uchafu hauwekwi juu ya kisima?"

"Sasa mbona ulikubali?"

"Binti yangu alikuwa na miaka thelathini na minne, na wewe ndiye mchumba wa kwanza kurudi mara ya pili. Ningekukosoa, ungekimbia."

Akaingia ndani, akatoka na beleshi, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Lihamishie kule chini, ulifunike vizuri. Kisha kamchotee mwanao maji kwenye bomba la kijiji. Sasa hivi huna pa kukimbilia, baba."