Sauti Ndani ya Tangazo la Sabuni

Mwanamke wa kwenye pazia la sinema alikuwa akifua shuka nyeupe. Alipofumbua kinywa kuimba, ikatoka sauti ya Mwanaesha, rafiki yangu tuliyemzika Mfungo Sita uliopita, mwezi wa Maulidi.

"Mama nifungulia, nje kuna umande..."

Nilimshika mkono Bimdogo, mamake Mwanaesha. Onyesho la mchana la wanawake, lenye kelele siku zote, likanyamaza. Yule mfuaji akafumba kinywa, akainua sabuni, akatabasamu. Lakini sauti haikukoma naye. Iliendelea kidogo peke yake, mpaka ikavuta pumzi.

"Ingia, mwanangu," Bimdogo akaitikia gizani. Kisha akanigeukia. "Mahfudha, umemsikia?"

Wimbo ule tuliurekodi mwaka mmoja baada ya uhuru, katika chumba kimoja cha mtaa wa Ganjoni kilichozibwa madirisha kwa magodoro. Athmani, kakake Mwanaesha, ndiye aliyekuwa mkubwa wa bendi na mpiga fidla. Mimi niliimba kiitikio. Mwanaesha alikuja na homa, akakataa tuahirishe. Haukupita muda, homa ile ikamchukua. Watu wa sabuni walipouomba wimbo, Athmani alikubali: heri dadake asikike, alisema, kuliko asahauliwe. Kiitikio changu walikikata. Kwenye tangazo Mwanaesha aliita tu, wala hakuitikiwa.

Tangu siku ile tulipoliona tangazo, Bimdogo hakukosa onyesho la wanawake. Picha yenyewe haikumshughulisha. Tangazo likipita, huondoka. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mlango wake hautiwi tena komeo, na kwamba jioni hupakua sahani mbili. Athmani akaingiwa na hofu. Alimwendea Joab, aliyeendesha mtambo wa sinema, akamsihi aliondoe tangazo lile.

Mara iliyofuata taa zilizimwa, picha ikaanza moja kwa moja. Bimdogo aliketi hadi mwisho. Tulipotoka, Athmani alikuwa akitungoja nje pamoja na Joab. Mama akampita mwanawe kama hamjui.

"Yuwapi mwanangu?" alimuuliza Joab.

Joab, mtu wa bara, mpole, aliinamisha kichwa. "Mkanda umepakiwa kwenye gari la moshi, mama. Umekwenda Kisumu."

Athmani alitaka kueleza. Mamake akamnyamazisha kwa kiganja. Maishani mwake Bimdogo hakupata kuvuka daraja la Makupa, kutoka kisiwani kwetu kwenda bara.

"Kisumu," alisema polepole. "Huko ana nani?"