Chuma cha Redio Uani

Miaka ile Mwingereza bado anatawala, nyumba ya Abbasi pale Cheyo iliingia umeme na redio kwa pamoja, na hakuna aliyejua kipi ni hatari zaidi. Redio ilivuta moto kutoka kwenye holda ya taa, kwa waya uliovikwa kitambaa. Ulipochubuka, Abbasi aliuzungushia kipande cha kanzu kuukuu, akajiita fundi. Waya mwingine, wa ardhi, ulitoka nyuma ya redio, ukapita juu ya kiraka hicho na dirishani hadi kwenye chuma kilichochimbiwa uani. Kiangazi cha Tabora kikikausha udongo, redio ilikoroma. Chuma kikimwagiwa maji, sauti ilinyooka.

Kazi hiyo ilikuwa ya mkewe, Mwamvita. Kila jioni alitoka na kopo, akakishika chuma na kukitikisa ili maji yashuke. Alivaa mtalawanda, vile viatu vya mti vya bafuni, na ko-ko-ko yake ilimkera Abbasi, maana baraza lilijaa majirani waliokuja kuisikiliza Dar es Salaam.

"Mama Zamda, vua hayo magogo! Watu hawasikii habari."

Akavua. Jioni hiyohiyo alirudi akijisugua kiganja. "Baba Zamda, chuma chako leo kinauma."

"Kinauma? Kwani kina meno?"

Baraza zima likacheka, na Abbasi akacheka kuliko wote. Mzaha ulikuwa haumpiti, masikini.

Kesho yake taarabu ilikuwa inakoroma. "Ongeza maji!" alipaza sauti dirishani. Mwamvita akaenda pekupeku, kama alivyoambiwa. Mara sauti ikanyooka, fidla ikalia kana kwamba mpigaji yumo chumbani. "Hapo hapo, Mama Zamda! Usiguse tena!" Hakujibiwa, wala hakujali kujibiwa. Omari, jirani aliyekaa karibu na mlango wa uani, ndiye aliyemwona ameganda kwenye chuma. Alikurupuka, akaung'oa waya kwenye taa. Nyumba ikawa kimya.

"Nani kazima?" Abbasi akafoka.

Mwamvita alizikwa siku iliyofuata. Watu wa Cheyo waliendelea kuzisifu redio zile za mbao, utamu na joto la sauti zake, na Abbasi aliwasikiliza bila kuwakatiza. Uhai wa mkewe hakuthubutu kumdai Mungu. Alichojutia maisha yake yote ni kwamba, nyumba iliponyamaza, neno la kwanza kumtoka mdomoni halikuwa jina lake.