Kumi na Mbili ya Mashine

Ipole nzima hakuna aliyeujua umeme wa jua kunizidi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mdomo mrefu kuliko cheti, na ile betri mpya ya mama nilikuwa nimeipangia zamu kama kiranja.

"Saa kumi na mbili jioni mtambo wa kijiji ukipandisha bei mara tatu," nilimtambia mama, "sisi tunahamia kwenye betri. Wengine walie, sisi tutotoleshe."

Mama hakucheka. Ndani ya mashine ya kutotolesha kulikuwa na mayai themanini ya akina mama wa kwaya ya Moraviani. Ugonjwa wa mdondo ulikuwa umefyeka mabanda yote ya kuku. Mbegu iliyobaki kijijini ndiyo hiyo.

Ilikuwa siku ya ishirini. Ukitega sikio, uliwasikia vifaranga wakilia ndani ya maganda, sauti nyembamba kama uzi.

Saa kumi na mbili na robo feni ya mashine ikasinzia, ikasimama. Mita ilikuwa imemaliza uniti zetu za mwisho kwa bei ya jioni. Betri kimya.

"Wewe Niko," mama akaniita kwa jina, "betri yako iko wapi?"

Mama alikuwa ameshashika simu anunue uniti. Mtandao ukazunguka, ukagoma.

Mpaka leo nikikikumbuka chumba kile, harufu ndiyo hutangulia: mkaa, blanketi, plastiki ya madumu yenye maji ya moto. Tuliyapanga kuzunguka trei. Kipimajoto kikashuka hadi thelathini na tano. Thelathini na tatu. Vilio vikapungua, kimoja kimoja. Mwishowe wangetotolewa vifaranga ishirini na mmoja tu, lakini hilo tulikuwa bado hatujalijua.

Mama alipotoka kuchochea moto, niliinamia kioo cha betri. Pale pa kuanza kutoa umeme, kidole changu mwenyewe kilikuwa kimeandika 12:00. Betri ni mashine, haiijui jioni yetu. Kwake hiyo ni saa sita mchana. Tangu adhuhuri, umeme wa bei ya chini ukiwa bwerere, betri ilikuwa imejimwaga yote kwenye friji letu la soda za kuuza.

Nikafuta upesi. Nikaandika 18:00.

"Feki, mama," nilimwambia aliporudi. "Wametuuzia betri mbovu. Kesho naipeleka Tabora mjini, watanitambua."

Aliniamini. Akapiga magoti mbele ya trei, akaanza kuomba kwa Kinyamwezi, midomo tu ikicheza.

Mlangoni alikuwa amesimama bibi Apolinaria, mama yake mama, sufuria ya maji ikifuka mikononi. Sikujua amesimama tangu lini.

"Mume wangu," akaniita, kama anavyonitania siku zote, ila safari hii hakutabasamu. "Mimi sikusoma. Lakini kwenye hicho kioo palikuwa na fimbo na bata. Mbona sasa naona fimbo na mayai mawili yamepandana? Bata umempeleka wapi?"

Midomo ya mama ikaacha kucheza.