Jiko Halijui Kulia na Kushoto

Mimi na mume wangu tunalala kitanda kimoja na tunafanya kazi maabara moja, lakini mwaka mzima tulishindwa kuafikiana juu ya jambo moja. Leza ikipiga utando mwembamba wa kobalti, ni nini kinachofanya sumaku iliyomo ipinde? Yeye alisema ni joto tu. Mimi nilisema ni mwanga wenyewe, unaisokota sumaku kama bisibisi inavyosokota skrubu. Tulibishana jikoni, sokoni, hata kwenye harusi ya wifi yangu, mpaka mama mkwe akatuomba tumstahi bibi harusi.

Mzaha uliisha siku mkuu wa maabara, tunayemwita Bwana Ushahidi, alipotukumbusha kwamba meza ya leza ni moja. Litafanyika jaribio moja, mbele ya wote. Atakayeshinda anabaki na meza; atakayeshindwa anafungua vifaa vyake, aende akafundishe wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mume wangu alikosa usingizi. Mimi nililala fofofo.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Kuna kijioo chembamba kinachoufanya mwanga uzunguke kulia au kushoto. Kama mwanga ndio unaosokota, ukibadilisha mzunguko sumaku itapinda upande wa pili, na mstari unaoonyesha mpindo huo kwenye skrini utashuka kutoka juu ya sifuri hadi chini yake. Kama ni joto, mstari utabaki pale pale. Jiko halijui kulia na kushoto.

Bwana Ushahidi, ambaye siku hizi anaijua ofisi kuliko leza, alisema kijioo atakigeuza kwa mkono wake, maana mke na mume hawaaminiki. Akaingia nyuma ya pazia jeusi, na mume wangu akamfuata kumshikia tochi. Mimi nikabaki mbele ya skrini na wenzetu, nimekunja mikono.

"Nimegeuza," Bwana Ushahidi akasema.

Mstari haukutikisika.

Mwenzetu mmoja akaninong'oneza, "Pole, dada." Nikamwambia pole akampe aliyefiwa. Niliujua mwanga ule kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu, na bado mstari ulikuwa juu.

"Rudia," nikasema.

"Nimeshageuza, mama. Matokeo ndiyo hayo." Akaanza kulivuta pazia.

"Mkuu," ikaja sauti ya mume wangu. "Umekizungusha nusu duara."

"Si ndiyo kugeuza?"

"Si kwa kijioo hiki. Ukikizungusha nusu, mwanga unazunguka upande ule ule. Zungusha robo."

Hakuna mwingine aliyeona. Angefunga mdomo, meza ingekuwa yake.

Robo ilipozungushwa, mstari ulishuka chini ya sifuri ukatulia huko. Wenzetu wakapiga makofi. Yeye alipiga pia.

Alasiri nilimkuta kainama, anafungua nati za vifaa vyake. Machozi yalinilenga, nikayafukuza kwa ukali.

"Acha hizo," nikamwambia. "Mstari uliposhuka, haukwenda chini sana kama ulivyokuwa juu. Kuna kitu pale hakigeuki."

Akainua macho. "Joto."

"Joto. Kidogo tu, usivimbe kichwa. Lakini nisipolitoa, hesabu yangu ina uongo ndani yake. Na mimi sijui kulipima."

"Unanihurumia?"

"Nikuhurumie wewe? Umenichosha mwaka mzima na joto lako. Basi lipime."

"Na meza?"

"Meza ni yangu. Nimekukaribisha."

Alianza kuzikaza zile nati upya, nami nikamshikia tochi.