Gamba la Mzee Sadyr

Saa sita mchana ikifika bila makisio ya mafuriko ya ziwa la mlimani, mkuu wa ofisi angetuma amri: familia zote zilizopiga mahema malishoni, chini ya ziwa hilo la barafu, zishuke. Burul alilijua hilo tangu asubuhi. Dada yake alikuwa huko juu na kondoo majike thelathini, wenye wanakondoo wa wiki moja. Kwa njia ile ya mawe, nusu yao wasingefika.

Kompyuta mpya ilikaa mezani kwake ofisini, Bishkek, imenyamaza kama bibi harusi. Programu ya mafuriko ilikuwamo, lakini ilitaka vigezo: vipimo viko wapi, ramani iko wapi, kina cha ziwa kinasomwa wapi. Marehemu Mzee Sadyr aliviandika vyote, mistari mia mbili, kwa ajili ya gamba la zamani, yaani ile programu inayopokea amri unazochapa. Kuweka kigezo, gamba la zamani husema setenv. Jipya husema export, na neno la mwenzake halielewi.

Burul alianza kuviandika upya kwa mkono. Mstari wa tisini akapotea. Basi, akiwa ndani ya gamba jipya, akaliita la zamani lisome faili lake. Likasoma, likatoka. Akaliuliza jipya kina cha ziwa. Patupu.

"Limeondoka na kila kitu," alisema. "Nimelizaa mimi humu humu ndani ya jipya, halafu halikuacha hata kijiko."

Ermek, mpimaji wa mito, alikuwa anamega mkate karibu na dirisha. "Sasa dada, wewe uliyefunzwa kutaja mababu zako saba, kizazi kwa kizazi, unataka mzazi amrithi mtoto? Maji hayapandi mlima. Mimi nikifa leo, baba yangu atarithi nini? Viatu?"

Burul akaacha kuchapa. "Sema tena."

"Viatu?"

"Kabla ya hapo." Lakini hakungoja. Mtoto ndiye hurithi, naye alikuwa amelifanya gamba la zamani kuwa mtoto; ndilo kosa lake la asubuhi nzima. Akafungua gamba la zamani kwanza, akalisomesha faili la Mzee Sadyr, kisha ndani ya hilo la zamani akalizaa jipya. Akauliza kina cha ziwa. Likajibu. Akauliza ramani. Likajibu. Vigezo vyote vilikuwamo, mia mbili, bila kuandika upya hata kimoja.

Saa sita kasorobo Mkuu Toktobek aliingia na barua ya amri mkononi, kalamu ishafunguliwa. "Nitie saini?"

Burul akamgeuzia kioo cha kompyuta, penye makisio ya programu. Ziwa lilikuwa limepanda vidole viwili. Hatari ilikuwa mbali bado. Mkuu akasoma, akasoma tena, akaichana barua vipande vinne.

Kwenye simu, kondoo walimtangulia dada yake kusalimia. "Tufungashe?" dada aliuliza.

"Kaeni huko huko," alisema Burul. "Na nitunzie maziwa ya farasi, ya kiriba kikubwa."

"Mwambie na mimi nipo," alisema Ermek. "Nimechangia viatu vyangu."